UZI: Hip hop haijauawa na vijana. Tazameni mashine na mfuko unaolipa

Kanda Sitini (mleta mada)

Wakuu, habari za humu.

Haipiti wiki bila mtu kuleta mada ya "hip hop imekufa". Inaanza na picha ya zamani ya wakongwe wetu wa rap, Sugu au Professor Jay, inafuata lawama kwamba madogo wa sasa hawana ujumbe, kisha kurasa tatu za matusi. Leo nataka kubishana na lawama hiyo kwa mpangilio. Uzi ni mrefu, mwenye haraka na apite.

Ninachodai ni hiki: tangu siku ya kwanza, hip hop imegeuka kila kilipogeuka chombo cha kuutengenezea muziki, mahali pa kuupigia, au mfuko unaougharamia. Ujumbe umekuja na kuondoka kwa kufuata hayo. Vijana wenyewe hawajabadilika sana. Wanataka kusikika, wanataka sifa, wanataka hela.

Twende Bronx, New York, tarehe 11 Agosti 1973, jengo namba 1520 Sedgwick Avenue. Binti mmoja, Cindy Campbell, anatafuta hela ya nguo za shule. Anachukua ukumbi wa wapangaji chini ya jengo lao, anatoza wasichana senti 25 na wavulana senti 50. Anayepiga muziki ni kaka yake Clive, mzaliwa wa Kingston, Jamaika. Huyo ndiye DJ Kool Herc.

Herc alikuwa na jicho. Aliona wachezaji wakali wanasubiri kipande kimoja tu cha wimbo: pale waimbaji na vyombo vingine vinaponyamaza, zikabaki ngoma na besi. Kwenye santuri kipande hicho ni cha sekunde chache. Akachukua nakala mbili za santuri ileile na mashine mbili za kupigia santuri. Kipande kikiisha huku, anakianzisha kule. Sekunde zikawa dakika. Rafiki yake Coke La Rock akashika kipaza sauti, kazi yake kuwataja washikaji na kuwapandisha mzuka. Ujumbe haukuwepo hata wa dawa. Ilikuwa pati ya watoto wa shule.

Kwa nini Bronx? Barabara kuu ya Cross Bronx, mradi wa Robert Moses, ilikuwa imepita katikati ya mitaa ya watu na kuwahamisha kwa maelfu. Waliobaki wakaona majengo yanaungua na wenye nyumba wakitokomea. Kijana wa pale hakuwa na hela ya kuanzisha bendi. Alikuwa na santuri za baba yake, na umeme walijiunganishia kwenye nguzo ya taa ya barabarani (mafundi wetu wa vishoka wangejiona wako nyumbani). Grandmaster Flash alikuwa anasoma mambo ya umeme shuleni. Akajiundia swichi ya kusikiliza santuri ya pili kwenye hedifoni kabla hajaiachia, na akawa anachora alama za krayoni juu ya santuri ili ajue kipande kinaanzia wapi. Dogo mwingine, Grand Wizzard Theodore, akaanza kuisugua santuri mbele na nyuma, na ile "wiki wiki" mnayoijua ikazaliwa. Julai 1977 umeme ukakatika jiji zima, maduka yakavunjwa. Wakongwe kadhaa wa Bronx wamesimulia wenyewe kwamba baada ya usiku ule kila kona ikawa na kundi jipya lenye vyombo vya maana.

Mpaka hapo mfalme ni DJ. Mchanaji, yaani rapa, ni mpambe wake.

Aliyepindua meza alikuwa mama mmoja mfanyabiashara, Sylvia Robinson, mwimbaji wa zamani mwenye kampuni ya kurekodi kule New Jersey. Mwaka 1979 akawakusanya vijana watatu, akaweka wapiga vyombo warudie besi ya wimbo wa kundi la Chic uliokuwa unatamba, akawaambia chaneni. Ukatoka wimbo wa dakika zaidi ya 14, "Rapper's Delight", ukasambaa duniani. Wakali wa Bronx walikasirika, na walikuwa na haki. Mmoja wa wale watatu alichana mistari ya Grandmaster Caz bila hata kubadilisha lile jina la utani la Caz lililokuwa ndani yake. Lakini angalieni kilichotokea. Kwenye santuri humuoni DJ akirusha mikono, unasikia sauti ya mchanaji tu. Kwa wimbo mmoja ufalme ukahama. DJ hakufanya kosa lolote, ila mahali pa kusikilizia palikuwa pamehama kutoka ukumbini kwenda sebuleni.

Sasa njooni kwenye huo "ujumbe". Wimbo unaotajwa siku zote kama mama wa hip hop ya ujumbe ni "The Message" wa 1982. Jina la kwenye santuri ni Grandmaster Flash and the Furious Five. Flash mwenyewe hakuupiga, na kundi lilikuwa halitaki kuurekodi, waliona utawapoza watu ukumbini. Aliyesukuma ni huyohuyo mama Sylvia, na kundini aliyechana ni Melle Mel peke yake, akisaidiana na mtunzi wa kampuni, Duke Bootee. Yaani hata ujumbe uliletwa na mwenye studio aliyenusa soko. Nalisema hilo bila dharau, wimbo ule ni mkubwa. Nakataa tu hadithi kwamba zamani watu walikuwa watakatifu.

Nitapumua kidogo, nitarudi na mashine zenyewe kisha Dar.

Mzee wa Dansi

Kijana, umeandika vizuri, ila hujagusa nyumbani. Mimi ni mtu wa Msondo na Mlimani Park, na nilikuwa naichukia hiyo foka foka yenu. Lakini ukweli nausema. Bendi zetu zilikuwa na waajiri. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park ya DDC, Polisi wana yao, Vijana wana yao. Gitaa, spika na ngoma ni mali ya mwajiri. Mwanamuziki akihama anaondoka na sauti yake tu. Uchumi ulipogeuka na mashirika yakaanza kuuzwa, nani angenunua magitaa mapya? Ninyi mkaja na kanda na kipaza sauti. Hamkutushinda kwa ustadi, mlikuwa na gharama ndogo.

La pili, msijione mmeanza leo kutunga kwa vina. Baada ya Azimio la Arusha watoto shuleni walikuwa wanakariri ngonjera, kazi aliyoisukuma sana marehemu Mathias Mnyampala. Wawili wanabishana kwa mashairi mbele ya hadhira, mwisho mmoja anakubali. Mnachoita batoo sisi tulikifanya siku ya wazazi.

Kanda Sitini

Shikamoo mzee wangu. Hoja ya waajiri umeniongezea, nilikuwa sijaiweka hivyo na inakaa palepale ninapotaka. Ya ngonjera naikubali nusu. Sikio la vina tulikuwa nalo, hilo halina ubishi. Lakini ngonjera ilikuwa na serikali nyuma yake, na mwisho wake ulijulikana kabla haijaanza. Batoo ya kitaa hakuna anayejua nani atalia.

Narudi kwenye mashine, halafu tunakuja Dar.

Mwaka 1980 kampuni ya Roland ilitoa mashine ya ngoma inaitwa TR-808, bei yake dola 1,195. Wanamuziki wakaicheka kwa sababu ngoma zake hazifanani na ngoma za kweli. Baada ya miaka mitatu ikasimamishwa, ikaishia maduka ya mitumba. Huko ndiko vijana wakaikuta kwa bei ya kutupa, na lile dundo lake la chini linalovuma mpaka leo mnalisikia kwenye kila wimbo wa trap, ile hip hop ya Atlanta. Kimsingi mdundo wa Atlanta na wa Dar leo umejengwa juu ya bidhaa iliyokataliwa sokoni.

Mwaka 1987 ikaja SP-1200. Hii ilikuwa inaweza kunasa sauti kutoka kwenye santuri, ila kumbukumbu yake nzima ni kama sekunde 10 tu. Maprodyuza wakatafuta ujanja: santuri ya kasi 33 wanaizungusha kwa kasi 45 ili iingie haraka, kisha wanaishusha ndani ya mashine. Sauti inatoka na mikwaruzo na uzito fulani hivi. Ule "uchafu" ambao wapenzi wa hip hop ya New York wanausifu kama roho ya muziki ulitokana na ufinyu wa kumbukumbu.

Halafu sheria ikaingia. Desemba 1991 mahakama ya New York ikaamua kesi dhidi ya Biz Markie, mchanaji aliyesampo (aliyenasa na kutumia kipande cha) wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila ruhusa. Jaji alianza hukumu yake na amri ya Biblia ya kutoiba. Kuanzia hapo kila kipande lazima kilipiwe. Ile staili ya kundi la Public Enemy ya kurundika vipande kadhaa kwenye wimbo mmoja ikawa haibebeki, na wenye uwezo wakaelekea kwa wapiga vyombo wa kurudia sauti studio.

Mwaka huohuo kuna jambo watu wengi hawalijui. Chati za mauzo za jarida la Billboard zilikuwa zinapangwa kwa kupiga simu madukani na kuuliza nini kinauzwa. Mei 1991 wakahamia kwenye hesabu za kompyuta za mauzo halisi. Mwezi uliofuata albamu ya N.W.A, kundi la Compton ambalo redio zilikuwa zinalikwepa, ikakaa namba moja Marekani. Wanunuzi walikuwepo muda wote. Kilichokuwa hakipo ni kikokotoo cha kuwahesabu. Makampuni yalipoona namba zile yakamwaga hela kwenye gangsta, rap ya uhuni na bunduki za mtaani, na miaka ya Tupac na Biggie mnaifahamu, pamoja na mwisho wake, Septemba 1996 na Machi 1997.

Mwana wa Keko

Mkuu hayo ya Wamarekani tumeyasikia. Tupe Bongo. Na usituambie kwamba Sugu alitumwa na mtu kusema hali ya maisha, tutakosana.

Kanda Sitini

Hahaa, tulia mkuu.

Miaka ya 80 Tanzania Bara ilikuwa na redio moja, Radio Tanzania Dar es Salaam, na televisheni haikuwepo mpaka 1994. Rap iliingia kwa kanda na santuri zilizoletwa na wenye ndugu nje, mabaharia, watoto wa waliosafiri. Kwa hiyo waliotangulia wengi ni vijana wa shule za mjini, wa Upanga na Oysterbay, na walichana Kiingereza. Msiwacheke. Santuri nyingi za nyimbo moja moja zilikuwa na mdundo mtupu upande wa pili, DJ wa disko anauachia, kijana anapanda na mistari yake. Studio ya kumtengenezea biti yake haikuwepo.

Mwaka 1991 kukawa na shindano la Yo! Rap Bonanza. Mshindi akawa Saleh J, aliyechukua midundo ya Wamarekani akaipandishia Kiswahili. Kanda yake ikazunguka. Mwaka 1993 yakaungana makundi ya mtaani kuunda Kwanza Unit, kina Rhymson, KBC na D-Rob, ambaye tulimpoteza mapema. Wale walikuwa na ndoto kubwa kuliko muziki, walitaka kuifanya hip hop kuwa kama taifa lenye watu wake. Mistari mingi bado Kiingereza.

Kilichogeuza mambo ni sheria ya utangazaji ya 1993. Radio One na ITV zikafunguliwa 1994, wengine wakafuata. Redio binafsi inahitaji matangazo, matangazo yanahitaji wasikilizaji vijana, na vijana wanataka muziki wao. Vipindi vikafunguliwa. Studio zikaja: Mawingu kwa Bonny Luv, MJ kwa Master J, baadaye Bongo Records ya P-Funk Majani. Kijana wa Mbeya anayejiita 2 Proud, huyo Sugu wako, akatoa "Ni Mimi" mwaka 1995, na kufikia "Niite Mr. II" ya 1998 nchi nzima ilikuwa inamjua.

Sasa sikiliza, Mwana wa Keko. Sisemi katumwa. Nasema mlango ulikuwa umefunguka wa upande ule. Hela ilikuwa kwenye kanda, na kanda ilikuwa mikononi mwa wasambazaji wa Kariakoo: GMC, Mamu, Wananchi na wenzao. Msambazaji hakujali wewe unamwabudu Rakim, mchanaji wa Marekani. Alitaka kujua kama kondakta wa daladala wa Mbagala na muuza duka wa Singida wataielewa na kuinunua. Kiingereza kikafa kifo cha biashara. Kilichouzika ni habari za maisha ya mnunuzi: hospitali, polisi, mapenzi, ahadi za wanasiasa, UKIMWI. Kwenye UKIMWI kulikuwa na mfuko mwingine pia, mashirika yalilipia nyimbo na matamasha ya uhamasishaji.

Ndiyo maana miaka ya 2000 mpaka 2004 hivi ilikuwa ya dhahabu kwa masimulizi. Hard Blasterz wakatoa "Funga Kazi". Professor Jay mwaka 2001 akatoa "Machozi Jasho na Damu", ndani yake kuna yule mgombea anayemwaga ahadi zisizowezekana huku umati unaitikia kila anachosema. Wagosi wa Kaya kutoka Tanga wakawasema wauguzi kwa lafudhi yao ya nyumbani mpaka mjadala ukafika wizarani na vijiweni. Juma Nature akaifanya Temeke ijulikane na watu ambao hawajawahi kufika Dar. Nyimbo ndefu, hadithi yenye mwanzo na mwisho, kwa sababu kanda unainunua, unakaa nayo, unairudisha kwa kalamu betri zisiishe. Msikilizaji wa namna hiyo anakuvumilia ubeti wa tatu.

Kanda ikafa. CD za kuchoma zikaja, baadaye vibanda vya "tunarusha nyimbo" ambapo unatoa jero unajaziwa memori kadi nyimbo za nchi nzima. Msanii hapati kitu. Hela ikahamia kwenye shoo, miito ya simu na video. Shoo inadhaminiwa na kampuni ya bia au ya simu, na mdhamini wa bia hahitaji ubeti kuhusu ufisadi, anahitaji kiitikio ambacho uwanja mzima unaimba. Ngwair alifaa sana zama hizo, anachana na kuimba kwa urahisi uleule. Mnamlaumu dogo wa leo hana ubeti wa tatu, wakati hata akiuandika hakuna anayemlipa kwa ajili yake.

Dada wa Sinza

Nimesoma yote. Majina ya wanaume yanatiririka, na wanawake unaowataja wako Marekani tu. Uangalie hata hoja yako mwenyewe: pati ya kwanza imeandaliwa na Cindy, santuri ya kwanza kubwa ni ya Sylvia. Wanawake walikuwa kwenye mfuko na kwenye mpango, sifa zikaenda kwa walioshika vipaza sauti. Na vipaza sauti pia tulishika. Sha-Rock alikuwa anachana na kundi la Funky 4 + 1 kule Bronx kabla hata biashara haijaanza. Mwaka 1999 Lauryn Hill alichukua Grammy ya Albamu ya Mwaka.

Hapa kwetu Zay B na Sister P walikuwa wanarushiana mistari mitaa mizima ikigawanyika. Witness akaja, siku hizi Chemical, Rosa Ree, Frida Amani. Lakini ukitaka mashine na mfuko, jiulize pia studio ilikuwa inafanya kazi saa ngapi. Rekodi nyingi ni usiku, mtaa wa mbali, chumba kimoja kimejaa wanaume. Binti wa miaka 17 amwambie nini mama yake? Kipaji kingi kimeishia mlangoni.

Kanda Sitini

Dada, hilo la saa za studio limenyooka. Sina cha kuongeza.

Buruburu 58

Niaje wasee wa Bongo. Acha niongeze ya Nairobi. Kwenu ni kanda, kwetu ni matatu. Msanii wa Eastlands hakuwa anaomba redio kwanza, alikuwa anapelekea makanga ngoma yake. Gari ina spika za nguvu na skrini, inabeba vijana wa shule asubuhi na jioni. Ngoma ikishika hapo, DJ wa redio ataitafuta mwenyewe. Ndiyo maana mdundo wa Calif Records, ile genge ya Clemo na kina Nonini na Jua Cali, ni mzito na rahisi. Umetengenezewa gari inayonguruma.

Kabla yao kulikuwa na Kalamashaka kutoka Dandora, mwisho wa miaka ya 90, wakaonyesha kwamba unaweza kuchana Kiswahili na Sheng ukiongelea maisha ya kwenu na bado redio ikacheza. Kisha 2002 Gidi Gidi Maji Maji walitoa "Unbwogable", neno la Kijaluo limevaa nguo ya Kizungu, muungano wa upinzani wa NARC wakaichukua kwa kampeni na chama tawala KANU kikatoka baada ya kutawala tangu uhuru. Hapo wanasiasa wakajua hii si kelele ya vijana.

Na graffiti? Kwetu iko kwa mabodi ya matatu. Sheria za matatu za waziri Michuki zilipokuja 2004, michoro ikafutwa, kila gari ikapigwa mstari wa njano. Baadaye ikarudi na nguvu zote. Gengetone, rap mpya ya vijana wa Nairobi ya 2018, kina Ethic wa Umoja, ni simu na YouTube tu, video ya bei ya chini, hakuna msambazaji. Mkitaka ujumbe sikilizeni kundi la Wakadinali, lakini lazima mjue Sheng yao, na hiyo hubadilika kabla hamjaizoea.

Fundi Spika

Naongezea la kiufundi kwa sababu ndiyo kazi yangu. Spika ya simu haiwezi kutoa besi ya chini, ni ndogo mno. Ukipiga 808 safi kwenye simu, unasikia kimya. Kwa hiyo maprodyuza wa sasa wanaichafua besi makusudi, wanaipa mgandamizo na mkwaruzo ili zizaliwe sauti za juu yake ambazo spika ndogo inaweza kuzitoa, na sikio linajaza lililobaki. Wazee wanasema muziki wa sasa unakwaruza. Unakwaruza kwa sababu mnausikilizia kwenye simu.

Jambo la pili ni FruityLoops, programu ya kompyuta ya kutengenezea biti. Iliingia kwetu kwenye CD za kopi, kompyuta moja inatosha. Hapo ndipo studio zikahamia Mbagala, Mbeya na Mwanza, kwenye vyumba vya kulala. Ubora ukashuka, idadi ikapanda. Lakini watu wa mikoani nao wakapata pa kurekodia bila kupanda basi kuja Dar kusubiri zamu kwa prodyuza mwezi mzima.

Mwana wa Keko

Sawa, mashine na hela nimeelewa. Lakini umeruka kitu. Siku hizi watu wanaogopa. Nay wa Mitego alikamatwa Machi 2017 kwa sababu ya wimbo. Roma alichukuliwa studio Aprili mwaka huohuo, akapatikana baada ya siku tatu. Hiyo ni mashine gani?

Kanda Sitini

Hilo zito, na ni kweli si mashine wala mdhamini. Nay aliachiwa kwa kauli ya juu kabisa, Rais Magufuli akasema wimbo uchezwe, na kwangu hilo nalo linatisha kwa namna yake: uhuru wa msanii ukategemea mtu mmoja ameamkaje. Ya Roma yalifuata ndani ya wiki mbili. Baada ya hapo prodyuza akiona ubeti wa siasa anafikiria mlango wa studio yake kwanza. Kwa hiyo kwenye orodha yangu ya chombo, mahali na mfuko, weka na hofu. Hofu hiyo pia haikuletwa na madogo.

Ila angalia upande wa pili wa shilingi hiyohiyo. Sugu aliingia bungeni 2010 kwa Mbeya Mjini, akarudi 2015, na 2018 akaonja jela kwa maneno ya jukwaani. Professor Jay akaingia 2015 kwa Mikumi. Wote Chadema. MwanaFA akaingia 2020 kwa CCM, Muheza, na 2023 akawa naibu waziri wa wizara yenye sanaa ndani yake. Nikki wa Pili wa kundi la Weusi aliteuliwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe 2021. Muziki ulioitwa wa kihuni umetoa wabunge wa pande zote mbili. Wengi hulisifu hilo, mimi nina wasiwasi nalo kidogo. Mchanaji aliyekuwa anaishtaki serikali sasa ndiye anayepokea malalamiko ya wachanaji. Tutamsikiliza vipi akirudi studio?

Kuna athari nyingine ndogo ndogo ambazo hazina cheo. Kijana wa kijiweni anaongea kwa vina bila kujijua. Wagombea wa udiwani wanatafuta msanii kabla ya kutafuta ilani. Arusha, X Plastaz waliweka uimbaji wa Kimaasai ndani ya rap, wakapeleka Ulaya, na mtoto wa pale akaona shuka lake halina shida na kipaza sauti.

Mzee wa Dansi

Swali moja. Hii singeli ya wajukuu zangu, nayo ni hip hop?

Kanda Sitini

Mzee umenigusa panapowasha. Nitasema ndiyo, na najua nitatukanwa.

Tazama inavyotengenezwa. Kijana wa Mburahati au Manzese anachukua kipande cha taarabu au cha mchiriku, kipande kidogo chenye kinanda, anakizungusha bila kukoma, anakipandisha kasi mpaka kinapita midundo 200 kwa dakika. Programu anayotumia mara nyingi ni ileile ya DJ wa harusi. Mbele yake anasimama MC, anawataja washikaji, anawatania, anawapandisha mzuka. Mahali ni vigodoro vya mtaani, barabara imefungwa, umeme umevutwa kwa jirani. Ondoa taarabu weka James Brown, umerudi kwa Herc. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege ya Kampala ikakusanya kazi za studio ya Sisso, sasa Wazungu wa Ulaya wanavunjika viuno kwa mdundo ambao sisi tunauita kelele.

Na ujumbe utakuja, ukipata wa kuulipia. Msaga Sumu ana nyimbo za maisha tayari, watu hawamsikii kwa sababu ya kasi.

Mwana wa Keko

Hapana mkuu. Hapo nakataa mpaka kesho. Hip hop ni mistari. Singeli mtu anarudia neno moja dakika nne.

Fundi Spika

Coke La Rock naye alikuwa anarudia majina ya washikaji. Soma post ya kwanza.

Mwana wa Keko

Basi fungueni uzi wenu wa singeli, huku tuachieni hip hop. Na mleta mada, asante kwa darasa, ila Sugu anabaki namba moja wa muda wote Tanzania. Hilo halina mashine.

Kanda Sitini

Namba moja wa kuanzisha njia, nakubali. Wa kuandika? Solo Thang umemweka wapi? Fid Q je? Leta ubeti wa Sugu unaousimamia, na mimi nilete wa Solo, wadau wapige kura.